Jinsi ya kupima dai la staa kuhusu kasi yake kwenye tredimili

Kila baada ya muda huibuka video ya mtu maarufu akitimua mbio kwenye mashine ya kukimbilia, na pembeni yake imeandikwa namba: kilomita 32 kwa saa, 36, pengine hata 40. Mashabiki wanashangilia, watu wanaisambaza, na kesho yake namba hiyo inatajwa kwenye mahojiano kana kwamba ilipimwa uwanjani mbele ya waamuzi. Hakuna aliyeuliza ilipatikanaje.

Mimi naona inafaa kuulizwa, na mara nyingi jibu limo ndani ya video yenyewe. Unachohitaji ni kompyuta au simu, kipande cha karatasi, kikokotoo na subira ya nusu saa. Kuna watu waliomaliza ujana wao wakitafuta kupunguza sehemu ya kumi ya sekunde katika mita 100, na namba ya uongo ikipitishwa bila kuhojiwa inawadhulumu. Halafu yupo kijana atakayepandisha mashine mpaka mwisho kwa sababu mtu anayemhusudu alisema inawezekana.

Anza kwa kuigeuza namba

Kilomita kwa saa tumezoea kuzisoma kwenye gari, ndiyo maana 36 inasikika kama kitu kidogo. Chukua 360, gawanya kwa kasi iliyotajwa, utapata sekunde ambazo mtu huyo angetumia kwa kila mita 100. Kilomita 20 kwa saa ni sekunde 18. Kilomita 24 ni sekunde 15. Kilomita 30 ni sekunde 12, na 36 ni sekunde 10 kamili. Ukishaona sekunde, unajua umesimama wapi.

Hapa wanaopinga na wanaotetea hukosea pamoja. Wanachukua rekodi ya dunia ya mita 100, sekunde 9.58 za Usain Bolt pale Berlin, tarehe 16 Agosti 2009, wanapata wastani wa kilomita 37.6 kwa saa, kisha wanasema: "Staa wetu amefika 36, kidogo tu amkamate Bolt!" Au upande wa pili: "Haiwezekani, huyo angekuwa bingwa wa dunia!" Wote wamelinganisha vitu viwili tofauti. Ule wastani wa Bolt umebeba sekunde za kuchomoka kutoka kwenye vibao vya kuanzia na kuukusanya mwendo. Kwenye tredimili mkanda ndio unaoongeza kasi, na mtu huingia ukiwa tayari unakimbia. Kwa hiyo dai la tredimili lilinganishe na kilele cha kasi, si wastani. Kati ya mita ya 60 na ya 80 pale Berlin, Bolt alitumia sekunde 1.61. Hiyo ni karibu kilomita 44.7 kwa saa, na hata yeye mita 20 za mwisho alishaanza kupungua: sekunde 1.66.

Mtu ambaye kilele chake ni kilomita 36 kwa saa atamaliza mita 100 kwa zaidi kidogo ya sekunde 11. Ni kasi ya mtu aliyefundishwa mbio fupi kwa miaka, tena mwenye kipaji. Kwa hiyo dai la 36 halivunji sheria ya maumbile, lakini ni dai zito sana kwa mwigizaji au mwanamuziki ambaye hakuna aliyewahi kumwona kwenye mashindano ya riadha.

Uliza alikaa kwenye kasi hiyo kwa muda gani

Kasi bila muda ni nusu ya habari. Sekunde tatu za kilomita 30 kwa saa ni jambo moja. Dakika nzima ni jambo jingine kabisa. Ukisikia "nilikimbia 30 kwa dakika moja," piga hesabu: ni mita 500. Marita Koch aliweka rekodi ya dunia ya mita 400 kwa wanawake mwaka 1985, sekunde 47.60, na wastani wake ni kilomita 30.25 kwa saa. Anayedai 30 kwa dakika nzima anadai kuishika takriban kasi hiyo na kuongeza mita 100 mbele. Wayde van Niekerk, mwenye rekodi ya wanaume, aliyekimbia mita 400 kwa sekunde 43.03 mjini Rio mwaka 2016, alikuwa na wastani wa kilomita 33.5. David Rudisha, rekodi ya dunia ya mita 800 kwa dakika 1 na sekunde 40.91 mjini London mwaka 2012: kilomita 28.5.

Madai ya muda mrefu ndiyo rahisi kuyapima kuliko yote, kwa sababu ipo rekodi ya kukimbia saa moja. Mjini Brussels mwaka 2020 Mo Farah alikimbia mita 21,330 ndani ya saa moja, na Sifan Hassan mita 18,930. Eliud Kipchoge alipomaliza marathoni kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40 mjini Vienna mwaka 2019, mwendo wake ulikuwa kilomita 21.2 kwa saa. Basi mtu akisema huwa anaweka 22 "na kujisikia vizuri tu" kwa saa nzima kila asubuhi, hapo huna haja ya kutazama video.

Maili au kilomita?

Kama kuna chanzo kimoja cha namba za ajabu ambacho hakina nia mbaya, ni hiki. Maili moja ni kilomita 1.609. Mashine nyingi zinaweza kuonyesha kipimo chochote kati ya hivyo viwili, na skrini ikipigwa picha kwa karibu mara nyingi huonekana "20.0" tu, bila kipimo. Mtu anayefikiri kwa maili anaisoma kama maili 20 kwa saa. Mwandishi wa habari anaibadilisha: kilomita 32. Mashine ilikuwa kwenye kilomita 20.

Kwa hiyo kila unapopata namba kubwa, igawanye kwa 1.609 uone inatua wapi. Ikitua kwenye namba nzima inayopendwa na wengi, kama 18, 20 au 22, una sababu nzuri ya kushuku kwamba kipimo kilichanganywa. Si uthibitisho bado. Weka kando, utaihitaji baadaye.

Mashine yenyewe inaweza?

Tafuta jina la modeli. Mara nyingi limeandikwa kwenye kibao cha mbele au ubavuni mwa kofia ya mota. Mtengenezaji hutaja kasi ya juu kwenye maelezo ya bidhaa. Mashine nyingi za nyumbani huishia kati ya 16 na 20, na za jimu kati ya 20 na 25. Zipo za maabara na za vituo vya wanariadha zinazopita 40, lakini ni mashine kubwa, na kwa kawaida mkimbiaji hufungwa mkanda wa usalama unaoning'inia kutoka juu. Dai la 36 juu ya mashine inayoishia 20 limekwisha hapo hapo.

Angalia pia kama mtu amebebwa. Mashine za AlterG, zilizotokana na utafiti wa NASA, humzungushia mkimbiaji mfuko wa hewa unaoweza kumpunguzia hadi asilimia 80 ya uzito wake. Ni kifaa kizuri sana kwa aliyeumia, ila kasi inayopatikana humo si ya kulinganishwa na ya mtu aliyebeba mwili wake wote. Kamba za kuning'inia zikivutwa kwa nguvu hufanya kazi ileile.

Sasa tazama mguu

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu, kwa sababu skrini inaweza kusema lolote lakini kiatu kilichokanyaga mkanda hakina ujanja. Tangu kiatu kinatua mpaka kinanyanyuka, kinasafiri nyuma pamoja na mkanda, kwa kasi ileile ya mkanda. Ukipima kiatu, umepima mashine.

Tafuta video iliyopigwa kutoka ubavuni. Ifungue kwenye kompyuta. Kwenye YouTube, ukishaisimamisha, kitufe cha nukta kinasogeza fremu moja (picha moja kati ya zile zinazounda video) mbele na kitufe cha mkato kinarudisha fremu moja nyuma. Kwenye orodha ya ubora, ukiona 1080p60 au 720p60, video hiyo ina fremu 60 kwa sekunde. Isipoandikwa kitu, mara nyingi ni 30 au chini kidogo.

Chukua ukingo wa karatasi, uweke juu ya kioo sambamba na soli, utie alama mbili: ncha ya kidole na kisigino. Urefu huo ndio rula yako. Soli ya kiatu cha michezo cha mwanaume mtu mzima ni karibu sentimita 30, cha mwanamke kinapungua sentimita chache. Uzuri wa kutumia kiatu chenyewe ni kwamba kiko umbali uleule na kamera, hivyo ukaribu au umbali wa kamera haukudanganyi kama ungepima kwa kutumia kiunzi cha mashine.

Nenda kwenye fremu ya kwanza ambayo soli nzima imelala. Weka alama kwenye kioo pale ilipo ncha ya kiatu. Kipande cha utepe wa gundi kinatosha. Sogeza fremu moja moja ukihesabu, mpaka fremu ya mwisho kabla kisigino hakijaanza kunyanyuka. Kwa mtu anayekimbia kwa ncha za vidole, kisigino hakigusi kabisa. Hapo fuata sehemu ya mbele ya soli badala yake. Kisha pima kwa karatasi yako: kiatu kimesogea mara ngapi ya urefu wake?

 Chukua video ya kawaida: fremu 30 kwa sekunde, kiatu kimesogea mara tatu, sentimita 90, ndani ya nafasi 5, yaani umesogeza fremu mara tano. Nafasi 5 ni sekunde 0.167. Gawanya 0.9 kwa 0.167, unapata mita 5.4 kwa sekunde. Zidisha kwa 3.6: kilomita 19.4 kwa saa. Kama dai lilikuwa kilomita 32, ambayo ni maili 20, basi umeshajua kilichotokea. Mashine ilikuwa kwenye 20, na maili zimeingia kwenye hadithi baadaye.

Video ya fremu 30 ina udhaifu: ukikosea fremu moja kati ya tano, umekosea sehemu ya tano ya jibu. Ndiyo maana usipime hatua moja. Pima kumi, za mguu wa kushoto na wa kulia, uchukue wastani. Makosa yataliwa na wingi. Hata hivyo usitangaze desimali, sema "kati ya 18 na 21." Hiyo inatosha kabisa kuliangusha dai la 32.

Kuna njia ya mkato kwa video ambayo kamera haijatulia. Mguu wa mtu anayekimbia kasi hukaa chini kwa umbali wa takriban mita moja, kidogo chini au juu kulingana na urefu wa miguu yake. Kwa kilomita 18 kwa saa, hiyo ni karibu sekunde 0.2, yaani fremu 6 kati ya 30. Kwa 24 ni sekunde 0.15. Kwa 36 ni sekunde 0.1 tu: fremu 3. Sasa fikiria umeona mguu umekaa chini kwa fremu 6, na mtu anadai 36. Kwa mita 10 kwa sekunde, ndani ya sekunde 0.2 kiatu kingesafiri mita 2, na sehemu ya kukimbilia ya tredimili nyingi haizidi mita moja na nusu hivi. Kiatu kingekuwa kimeshatoka nyuma ya mashine.

Halafu hesabu hatua. Zihesabu kwa sekunde tano, gawanya kwa tano. Wakimbiaji wakubwa wa mbio fupi hupiga kati ya 4 na 5 kwa sekunde. Ukipata 3 kwa sekunde na dai ni 36, kila hatua ingekuwa na urefu wa mita 3.3. Bolt, mwenye urefu wa mita 1.95, alimaliza mita 100 kwa hatua 41 hivi, wastani wa mita 2.44. Jicho halioni kosa hili kwa sababu kwenye tredimili sehemu kubwa ya hatua hupita mtu akiwa hewani palepale, lakini hesabu inaliona.

Video imeharakishwa?

Kama miguu inaonekana kasi kupita kiasi, tafuta saa. Skrini ya tredimili huwa na saa ya zoezi. Ikitoka 0:15 hadi 0:25 huku video imetumia sekunde 8 tu, imeharakishwa kwa robo, na kasi zote ulizopima uzigawanye kwa 1.25. Isipoonekana saa, tazama chochote kinachoanguka: chupa au taulo inayodondoka kutoka kimo cha mita moja huchukua karibu sekunde 0.45. Sauti nayo husema, ingawa wengi huifuta na kuweka muziki, na kuwepo kwa muziki peke yake hakuthibitishi kitu.

Umbali ulioandikwa kwenye skrini ni shahidi mwingine. Kwa kilomita 30 kwa saa, tarakimu ya mita kumi inapaswa kubadilika kila sekunde 1.2. Ikikawia sekunde mbili, mkanda uko kwenye 18.

Mikono, na namba iliyoombwa

Anayeshika vishikio amehamishia sehemu ya uzito wake mikononi. Miguu inapapasa mkanda badala ya kuusukuma. Hilo si kukimbia kwa kasi iliyoandikwa, na hatua mbili tatu za kurukia mkanda kisha kusimama kwenye kingo za pembeni nazo si kukimbia. Mimi huzihesabu hatua tu zile ambazo mikono iko huru na mwili haurudi nyuma kwenye mkanda. Mtu akiwa anarudi nyuma hatua kwa hatua, mkanda unamshinda, na kasi yake halisi iko chini ya ile ya mashine.

Jambo ambalo wengi hawalijui: mashine nyingi huonyesha kasi iliyoombwa mara tu unapobonyeza, wakati mota bado inapanda kuelekea huko. Ukibonyeza 20 ukiwa kwenye 10, skrini inaweza kusema 20 huku mkanda uko 13. Video ya sekunde nne inayoanzia kwenye kidole kinachobonyeza ni ya kutiliwa shaka kwa sababu hiyo.

Je, si kweli kwamba tredimili ni rahisi?

Wapo wanaolikataa kila dai kwa kusema mkanda "unavuta miguu." Hapana. Mkanda unaokwenda kwa kasi isiyobadilika humdai mtu karibu kile kile ardhi inachomdai, isipokuwa hewa. Mwaka 1996 Jones na Doust walionyesha kwamba kwa mwendo wa wakimbiaji wa masafa, mwinuko wa asilimia 1 unafidia hewa hiyo. Kwenye kasi kubwa hewa ina uzito zaidi, kwa sababu nishati inayotumika kila sekunde kuipasua hupanda kwa mchemraba wa kasi: kasi ikiwa mara mbili, nishati huwa mara nane. Mtu aliyefika 34 kweli kwenye mkanda anaweza kufika pungufu kidogo uwanjani. Pungufu kidogo, lakini si nusu.

Hakiki mashine yako mwenyewe

Kabla ya kujilinganisha na yeyote, jua kama mashine unayotumia inasema kweli. Izime na uichomoe kwenye umeme. Weka alama ya chaki kwenye ukingo wa mkanda, pima kwa futi kamba sehemu inayoonekana, vuta mkanda kwa mkono, endelea kupima mpaka alama irudi. Mzunguko mzima wa mashine ya kawaida ni mita 3 na kitu. Iwashe, mwenzako akimbie juu yake wakati wewe unapiga video kutoka ubavuni, kisha hesabu alama ikipita mara 20. Urefu wa mkanda mara 20, gawanya kwa sekunde, zidisha kwa 3.6. Mkanda wa mita 3.2 uliozunguka mara 20 kwa sekunde 19.2 uko kwenye kilomita 12 kwa saa. Usipime bila mtu juu: mota dhaifu hupungua kila mguu unapotua, na hilo ndilo unalotaka kulijua.

Na tafadhali usijaribu kuifikia namba ya staa kwa kubonyeza tu. Anayeanguka kwenye mkanda wa 20 huendelea kuchubuliwa nao, kwa sababu hausimami yeye anapoanguka. Klipu ya usalama, ile inayozima mashine ikichomoka, ivaliwe kwenye nguo kila mara, na nyuma ya mashine pawe wazi, pasiwe na ukuta.

Ukitaka kuuliza hadharani

Uliza bila matusi, na uliza mambo yanayojibika: mashine ni modeli gani, skrini ilikuwa kwenye maili au kilomita, alikaa kwenye kasi hiyo sekunde ngapi bila kushika, na ipo video isiyokatwa kutoka ubavuni? Mwenye ushahidi hukujibu kwa dakika mbili. Ukipima ukakuta dai ni kweli, liandike hivyo hivyo kwa sauti ile ile uliyokuwa nayo ulipokuwa unashuku.

Ushahidi mzuri kuliko wote hauhitaji tredimili. Mkimbiaji aanze mbali, akusanye mwendo, kisha apimwe mita 30 akiwa tayari kwenye kasi yake ya juu. Gawanya 108 kwa sekunde alizotumia, jibu ni kilomita kwa saa: sekunde 3 kamili ni 36, sekunde 3.6 ni 30. Pima kwa vihisi vya mwanga au kwa video ya fremu 120 au 240, usitumie saa ya mkononi. Kwa miaka mingi riadha imeongeza sekunde 0.24 kwenye muda wa mkono wa mita 100 ili ulingane na wa umeme, na ndani ya mita 30 tofauti hiyo peke yake inatosha kumpandisha mtu kutoka 33 na kitu hadi 36.